Mnunuzi wa kwanza: jinsi maeneo yanavyojenga ubunifu wa ulinzi na usalama

Mwaka 1962, saketi unganifu zote zilizotengenezwa Marekani, yaani chipu kama tunavyoziita leo, zilinunuliwa na serikali. Bei ya wastani ilikuwa dola 50 kwa kila moja, bei ambayo mtengenezaji wa redio za majumbani asingethubutu kuilipa. Serikali iliilipa kwa sababu ilikuwa na shida isiyokuwa na dawa nyingine: kompyuta ya kukaa ndani ya kombora la Minuteman, au ndani ya chombo cha Apollo, ilipaswa kuwa ndogo, nyepesi na isiyoharibika ovyo. Miaka sita baadaye bei ya wastani ilikuwa imeshuka hadi dola 2.33, na sehemu ya soko iliyochukuliwa na jeshi ilikuwa imepungua hadi asilimia 37 hivi. Viwanda vya kiraia vilikuwa vimeingia.

Serikali nyingi sasa zinataka matokeo ya namna hiyo katika maeneo yao. Ulaya, Asia na Amerika, majimbo na mikoa inatangaza kongani za viwanda vya ulinzi, vituo vya kulea kampuni changa na mifuko ya mitaji. Mara nyingi tangazo la kwanza huwa la jengo: kutakuwa na kituo cha ubunifu, kitafunguliwa mwaka fulani, kitakuwa na vyumba kadhaa. Nadhani hapo ndipo mambo huanza kwenda kombo. Jengo lina kazi yake, lakini ukifuatilia historia ya maeneo yaliyofanikiwa unakuta nguvu ilitoka kwingine. Ilitoka kwa mnunuzi aliyekuwa tayari kununua mapema na kurudi kununua tena. Ilitoka kwa watu waliokuwa huru kuhama kutoka taasisi moja hadi nyingine na ujuzi wao. Na ilitoka kwa mtumiaji aliyekaa karibu na fundi kiasi cha kumwambia, wiki hiyohiyo, kwamba kifaa chake hakifanyi kazi.

Soko lisilofanana na masoko mengine

Mfumo wa ubunifu wa eneo ni mtandao wa watu na taasisi zinazokutana mara kwa mara kwa sababu ziko jirani. Katika ulinzi na usalama wamo watumiaji (jeshi, polisi, walinzi wa pwani, zimamoto, wasimamizi wa bandari na mitambo ya umeme), maabara za serikali, vyuo vikuu, kampuni kubwa zenye mikataba mikuu, kampuni ndogo za vipuri na programu, wenye mitaji, na mamlaka za eneo zinazoshika ardhi, mafunzo na vibali. Kufikia hapa hakuna tofauti kubwa na mfumo wa ubunifu wa dawa au wa kilimo. Tofauti iko kwenye soko lenyewe.

Kampuni changa inayouza programu za uhasibu ikikataliwa na mteja mmoja inabisha hodi kwa wa pili. Inayouza rada haina mlango wa pili. Ndani ya nchi mnunuzi wa silaha na vifaa vya kijeshi kwa kawaida ni mmoja, naye ndiye anayeweka masharti, anayejua mahitaji halisi, na ambaye pesa zake zimefungwa na bajeti iliyopitishwa na bunge. Zaidi ya hayo, mara nyingi hawezi kukueleza tatizo lake waziwazi. Mhandisi lazima kwanza afanyiwe upekuzi, na upekuzi huchukua miezi. Kampuni kubwa inaweza kumlipa mtu mshahara huku akisubiri kibali. Kampuni ya watu saba haiwezi.

Kuuza nje nako kuna milango yake. Makubaliano ya Wassenaar, yaliyoanza kufanya kazi mwaka 1996, yanaunganisha nchi zaidi ya 40 katika kudhibiti uuzaji wa silaha na wa bidhaa zenye matumizi ya kiraia na ya kijeshi kwa pamoja. Marekani ina kanuni zake za ziada, ITAR, ambazo hukifuata kipuri kinachodhibitiwa hata kikishafungwa ndani ya mashine ya nchi nyingine. Mbunifu aliyechagua kihisi fulani cha Kimarekani kwa sababu kilikuwa kizuri na kilipatikana haraka anaweza kugundua baadaye kwamba hawezi kuuza bidhaa yake kwa nchi jirani bila idhini ya Washington. Ushauri wa kisheria siku ya kwanza ya usanifu ungemwokoa, na huo ni msaada ambao mamlaka ya eneo inaweza kuutoa kwa gharama ndogo sana. Nashangaa jinsi unavyotolewa mara chache.

California, Massachusetts na uhuru wa kuhama

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Frederick Terman, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford huko California, aliongoza maabara ya Chuo Kikuu cha Harvard iliyotafuta njia za kuvuruga rada za Ujerumani. Vita vilipokwisha alirudi Stanford kuongoza kitivo cha uhandisi, akiwa na mambo mawili: orodha ya wahandisi bora kichwani, na uelewa wa kile ambacho jeshi lingehitaji katika miaka iliyofuata. Alileta mikataba ya utafiti ya kijeshi na akawahimiza wanafunzi na walimu kuanzisha kampuni. Eneo la viwanda la Stanford lilipofunguliwa mwaka 1951, mpangaji wa kwanza alikuwa Varian Associates, kampuni iliyokwisha kupata kazi za kijeshi kwa ajili ya vali zake za mikrowevu, mawimbi yanayotumiwa na rada. Mwaka 1956 Lockheed, kampuni ya ndege na silaha, ikahamishia kitengo chake cha makombora huko, kilichotulia Sunnyvale. Mwaka uliofuata wahandisi wanane waliondoka kwa William Shockley, mmoja wa wavumbuzi wa transista, na kuanzisha kampuni ya Fairchild Semiconductor. Angalia mfuatano huo: mikataba, watu, kampuni, kisha majengo.

Pwani ya mashariki, Massachusetts ilikuwa na kila sababu ya kushinda. Maabara ya rada ya MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, ilikuwa kubwa kuliko ya Harvard, na mwaka 1951 ikafuata Maabara ya Lincoln, iliyobuni mfumo wa kompyuta wa kulinda anga wa SAGE. Mwaka 1957 wahandisi wawili wa Lincoln, Ken Olsen na Harlan Anderson, walitoka na kuanzisha kampuni ya kompyuta, Digital Equipment Corporation, kwa mtaji wa dola 70,000. Kwa miongo miwili kampuni zilizopangana kando ya Barabara ya 128, inayozunguka Boston, zilikuwa mfano wa kuigwa. Baadaye zikapitwa na California, na Digital yenyewe iliuzwa kwa kampuni nyingine ya kompyuta, Compaq, mwaka 1998.

Mtafiti AnnaLee Saxenian, aliyelinganisha maeneo haya mawili, alionyesha kwamba pesa za jeshi zilikuwa nyingi kote kuwili. Kilichotofautiana ni mwenendo wa kazi. Kampuni za mashariki zilifanya kila kitu ndani ya kuta zao na zilitarajia mtu akae hadi astaafu. Magharibi mtu alihama, akaanzisha kampuni, ikafa, akarudi kuajiriwa, na ujuzi ukasambaa kila alipopita. Sheria nayo ilisaidia. Tangu mwaka 1872 California imekataa kutambua mikataba inayomzuia mfanyakazi kwenda kwa mshindani. Robert Noyce na Gordon Moore walipoondoka Fairchild mwaka 1968 kuanzisha kampuni ya chipu ya Intel, hakuna mkataba wa namna hiyo ulioweza kuwafunga.

Hili ni gumu kwa sekta ya ulinzi, kwa sababu usiri unavuta upande wa pili. Mtu akihama anabeba anayoyajua, na kuna anayoyajua ambayo hayapaswi kutoka. Lakini ziko njia halali. Wakala wa utafiti wa Pentagon (wizara ya ulinzi ya Marekani), DARPA, ulioundwa mwaka 1958 baada ya Wasovieti kurusha Sputnik, una mameneja wa miradi wapatao 100 tu, na kila mmoja hukaa miaka mitatu hadi mitano kisha anaondoka. Wanatoka vyuoni na viwandani na kurudi huko. Mkoa unaotaka ujuzi uzunguke unaweza kuanzisha nafasi kama hizo kwa kiwango chake: mhandisi wa kiwanda akae mwaka mmoja kwenye kikosi, ofisa wa kikosi akae mwaka mmoja maabara, na kibali cha upekuzi kimfuate mtu badala ya kuanza upya kila anapobadilisha mwajiri.

Shule kwanza: São José dos Campos

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Brazili, kwa sababu haukutegemea vita wala utajiri. Katika miaka ya 1940 ofisa wa jeshi la anga, Casimiro Montenegro Filho, alitembelea MIT na kurudi na wazo ambalo wengi waliliona la ajabu: nchi isiyotengeneza ndege ianze kwa kujenga shule ya wahandisi wa ndege. Alimleta profesa wa MIT, Richard Harbert Smith, kusaidia kupanga, na Smith akawa mkuu wa kwanza wa chuo hicho. Chuo hicho, ITA, kilianza rasmi mwaka 1950 katika mji wa São José dos Campos, kati ya São Paulo na Rio de Janeiro, pembeni ya kituo cha utafiti cha jeshi la anga. Walimu na wanafunzi waliishi humohumo.

Kisha kukafuata miaka mingi ambayo mkaguzi wa leo angeiita ya kushindwa. Wahitimu walitoka, taasisi ya anga za juu ikaanza, miradi ya ndege na helikopta ikajaribiwa na mingine ikaachwa. Ndege ya Bandeirante iliruka kwa mara ya kwanza mwezi Oktoba 1968, na Embraer, kampuni ya kuitengeneza, ikaanzishwa mwaka 1969, ikiongozwa na Ozires Silva, mhitimu wa ITA. Kutoka kufunguliwa shule hadi kuanzishwa kampuni ni miaka 19. Hakuna mpango wa maendeleo wa miaka mitano unaovumilia hivyo, na hapo ndipo mipango mingi inapovunjika.

Serikali ya Brazili haikuiacha kampuni hiyo ijitafutie soko peke yake. Jeshi la anga liliagiza Bandeirante 80 mwanzoni kabisa, na kampuni za Kibrazili ziliruhusiwa kuelekeza asilimia 1 ya kodi yao ya mapato kwenye hisa za Embraer. Kampuni changa ilipata oda na mtaji kwa pamoja. Ilipobinafsishwa mwaka 1994 ilipitia kipindi kigumu sana, lakini ilikuwa na wahandisi, wasambazaji waliokwisha kujizatiti karibu nayo, na ndege za abiria zilizokubalika ng'ambo.

Israeli hutajwa mara nyingi katika mijadala hii, na hutajwa visivyo. Watu huangalia kampuni za usalama wa mtandao na kudhani siri ni mifuko ya mitaji. Mfuko wa Yozma wa mwaka 1993, uliokuwa na dola milioni 100 za serikali, ulifanya kazi kubwa kweli. Uligawa pesa kwa mifuko kumi iliyokuwa na wabia wa nje, na ukawapa wabia haki ya kununua sehemu ya serikali mambo yakienda vizuri. Lakini mwezi Agosti 1987 serikali hiyo ilikuwa imeufuta mradi wa ndege ya kivita ya Lavi, kwa tofauti ya kura moja katika baraza la mawaziri, na maelfu ya wahandisi waliofunzwa kwa pesa za umma wakabaki bila kazi. Yozma iliwakuta watu tayari. Isitoshe, nchi yenye utumishi wa lazima jeshini, ambako vijana wenye vipaji vya hisabati huchujwa wakiwa na miaka 18 na kupewa matatizo magumu, ina mfereji wa kusambaza ujuzi ambao nchi nyingine haiwezi kuuiga kwa kupitisha sheria ya uwekezaji. Hata eneo la teknolojia la Beer Sheva, lililofunguliwa mwaka 2013 kando ya Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, lilipangwa pamoja na uamuzi wa jeshi wa kuhamishia vitengo vyake vya teknolojia kusini mwa nchi. Mteja alikuwa anahamia mlango wa jirani.

Mahali ambapo kampuni changa hufia

Wahandisi hupima ukomavu wa teknolojia kwa ngazi tisa, kipimo kilichotoka NASA, wakala wa anga za juu wa Marekani. Ngazi ya kwanza ni wazo la kisayansi, ya tisa ni kifaa kinachofanya kazi katika mazingira halisi. Ruzuku za utafiti hubeba wazo hadi ngazi ya nne au ya tano. Bajeti za ununuzi huanza kupendezwa nalo kwenye ya nane. Katikati hapo kuna gharama kubwa za majaribio, vyeti vya ubora na marekebisho, na hakuna fungu la mtu yeyote linaloitwa kwa jina hilo.

Mpango wa Marekani wa ruzuku kwa kampuni ndogo, SBIR, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1982, unaonyesha tatizo hili waziwazi. Awamu ya kwanza inalipia uthibitisho wa wazo. Ya pili inalipia mfano wa majaribio. Ya tatu ndiyo ya kuingiza bidhaa sokoni, na kisheria haina pesa za mpango huo: lazima zitoke kwingine. Sasa fikiria kampuni iliyofuzu awamu ya pili kwa sifa zote. Kamanda aliyeona kifaa amefurahi na anakitaka. Lakini bajeti yake ilianza kuandaliwa miaka miwili nyuma, wakati kifaa hakikuwapo. Ili fungu lipatikane lazima asubiri mzunguko ujao, na mzunguko huo unapofika huenda yeye mwenyewe amehamishiwa kituo kingine. Mishahara ya kampuni haisubiri. Mtu anaweza kushinda kila shindano la ubunifu na bado akafunga ofisi.

Upande wa juu wa soko nao umebanwa. Ripoti ya Pentagon ya mwaka 2022 ilieleza kwamba tangu miaka ya 1990 kampuni zake kuu za anga na ulinzi zilipungua kutoka 51 hadi 5 kwa kuungana. Kampuni ndogo huuza kupitia hizo, au hupambana nazo. Mwaka 2016 Palantir, kampuni ya programu za kuchambua data, ililishtaki Jeshi la Nchi Kavu la Marekani kwa kutangaza zabuni ya kutengeneza upya programu ambayo tayari ilikuwa sokoni, ikitumia sheria ya mwaka 1994 inayotaka bidhaa zilizopo zitazamwe kwanza, na ikashinda. Palantir ilikuwa na mawakili na mabilioni. Kampuni ya watu saba ingekaa kimya.

Jibu moja lililoonyesha matokeo ni kubadilisha mkataba wenyewe. Kitengo cha ubunifu kilichofunguliwa na waziri wa ulinzi Ash Carter huko Mountain View mwaka 2015, ambacho sasa kinaitwa DIU, kinatumia aina ya makubaliano yaliyo nje ya kanuni za kawaida za zabuni. Mamlaka hayo yana mizizi katika sheria iliyounda NASA mwaka 1958. Faida yake kubwa ni hii: mfano wa majaribio ulioshindanishwa ukifaulu, unaweza kuingia kwenye uzalishaji bila zabuni mpya. Bado bajeti lazima ipatikane, lakini mlango mmoja umeondolewa njiani.

Mkoa usionunua silaha ufanye nini?

Hapa ndipo wapangaji wengi wa maeneo hukwama. Ununuzi wa kijeshi uko mikononi mwa taifa, wao wana barabara, vyuo na mipango miji. Inaonekana kama hawana nguvu. Mimi naona wana nguvu kuliko wanavyodhani.

Mosi, mamlaka za eneo nazo ni wanunuzi wa usalama. Zina zimamoto, huduma za uokoaji, bandari, mifumo ya maji inayoweza kushambuliwa kwa mtandao, na kwingi zina polisi. Ndege isiyo na rubani inayotafuta mtu aliyepotea usiku msituni inahitaji kamera ya joto, mawasiliano yasiyokatika na uwezo wa kuruka bila kutegemea setilaiti. Karibu kila sifa kati ya hizo inahitajika pia vitani. Zimamoto ikiagiza ndege kumi, kampuni inapata mapato, mtumiaji wa kweli, na rekodi ya kazi ya kumwonyesha mnunuzi mkubwa. Oda hiyo inaweza kuwa na thamani kuliko ruzuku mara tatu ya kiasi hicho.

Majaribio ndiyo hitaji la pili. Kurusha droni zenye vivuruga mawimbi, kulipua, kuendesha gari lisilo na dereva: vyote vinahitaji ardhi, anga iliyotengwa na vibali vya masafa ya redio. Kampuni moja haiwezi kuvipata, mkoa unaweza, na unaweza kuvigawa kwa saa kwa kila anayehitaji. NATO, katika mpango wake wa DIANA uliokubaliwa mwaka 2021, iliunganisha vituo vya majaribio vilivyokwisha kuwapo katika nchi wanachama na kuwafungulia wabunifu, badala ya kujenga vipya. Umoja wa Ulaya una Mfuko wa Ulinzi wa karibu euro bilioni 8 kwa miaka 2021 hadi 2027, na una mtandao wa mikoa yenye viwanda vya ulinzi, ambamo mikoa hufundishana jinsi ya kuzifikia pesa za Ulaya.

Kisha kuna mambo madogo yasiyopigiwa picha: chumba chenye ulinzi unaokidhi masharti ya siri, kinachoweza kukodishwa kwa siku, mtu mmoja anayejua wazabuni wote wa eneo na anayeweza kusema nani anachonga titani na nani anasuka nyaya, mafunzo ya vyeti vya ubora vya sekta ya anga. Mtu huyo mmoja akiwa mzuri ni hazina. Akiwa ofisa anayesubiri kuhamishwa, ni kiti tu.

Inafaa pia kuanza na kilichopo, hata kama kilikuja kwa bahati. Mwaka 1942 Waingereza waliwahamisha watafiti wao wa rada kutoka pwani ya kusini kwa kuogopa uvamizi wa makomando wa Kijerumani, wakawapeleka Malvern, mji mdogo wa bara. Utafiti haukuondoka tena, na leo mji huo una kampuni ndogo nyingi za usalama wa mtandao. Toulouse iliimarishwa kwa makusudi zaidi: mwaka 1968 Ufaransa ilihamishia huko kutoka Paris shule yake kuu ya uhandisi wa anga, katika mji uliokuwa tayari unaunda ndege. India, iliyotangaza shoroba mbili za viwanda vya ulinzi mwaka 2018, katika majimbo ya Uttar Pradesh na Tamil Nadu, ilichagua miji ya vituo 11 kwa jumla. Sina hakika kwamba nguvu ikigawanywa hivyo inabaki nguvu, ingawa miji kama Coimbatore ilikuwa na mafundi wake wa mashine muda mrefu kabla ya tangazo.

Somo la Ukraine: umbali kati ya askari na fundi

Vita vya Ukraine vimebadilisha mjadala huu kwa namna ambayo hakuna ripoti ingeweza. Droni ndogo inayofanya kazi mwezi huu inaweza kuwa haina maana muda mfupi baadaye, kwa sababu adui amebadilisha masafa anayoyavuruga. Mtengenezaji aliye mbali na mapigano, anayepokea malalamiko kupitia ngazi tano za ofisi, atakuwa anatengeneza kifaa cha vita vya mwaka jana. Waliofanikiwa ni wale ambao rubani wa droni anawatumia ujumbe moja kwa moja, nao wanabadilisha antena au programu haraka iwezekanavyo.

Mwezi Aprili 2023 serikali ilizindua Brave1, jukwaa linalowakutanisha wabunifu, jeshi na wawekezaji, linalotoa ruzuku na kusaidia bidhaa kupimwa na kukubaliwa kijeshi. Mwishoni mwa mwaka huo Rais Zelensky alitangaza lengo la droni milioni moja kwa mwaka 2024. Lengo la namna hiyo lina ujumbe kwa kila karakana: mnunuzi yupo, na atarudi. Karakana nyingi ziliitika.

Nchi iliyo na amani haina, na isiombe kuwa na, mtihani wa namna hiyo. Lakini inaweza kufupisha umbali. Mazoezi ya kijeshi hufanyika kila mwaka, na wabunifu wangeweza kuwa uwanjani, si kwenye banda la maonyesho, wakiona vifaa vyao vinavyotumbukia kwenye matope na askari anavyovitupa pembeni kwa sababu kitufe hakibonyezeki akiwa na glavu.

Bajeti ikishuka, na uangalizi ukikosekana

Eneo linaloegemea ulinzi pekee liko kwenye hatari inayojulikana. Vita Baridi vilipokwisha, kusini mwa California, ambako ndege za kivita zilikuwa zimelisha miji mizima, ajira za anga ziliporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990 na mdororo wa uchumi wa eneo hilo ukawa mzito kuliko wa sehemu nyingi za nchi. Kampuni zilizokuwa na mteja wa kiraia zilipumua. Kwa hiyo mkoa unapoamua ipi ya kusaidiwa, swali kuhusu soko la kiraia liulizwe mapema, kwa kuwa kulibuni soko hilo baada ya oda kukatwa ni kazi ya kukata tamaa.

Soko la kiraia nalo lina uzito wake wa kimaadili, na sipendi linavyorukwa. Kamera inayotambua sura, programu inayosoma simu, kihisi kinachohesabu watu barabarani: teknolojia hizi hutoka kambini zikaingia mtaani kupitia mlango uleule nilioutetea, yaani ununuzi wa mamlaka za eneo. Polisi wakiwa wateja wa kwanza, wakazi ndio wanaojaribiwa. Mnunuzi wa mapema lazima basi awe na sheria ya mapema pia: baraza lipige kura hadharani kabla kifaa hakijanunuliwa, ijulikane data inakaa wapi na kwa muda gani, na kampuni isiruhusiwe kuzichukua data za wakazi kuboreshea bidhaa bila idhini. Mwezi Mei 2019 San Francisco, mji ulio kwenye kitovu cha teknolojia hizi, ulizipiga marufuku idara zake kutumia utambuzi wa sura, na ukazitaka zipate kibali cha baraza la mji kabla ya kununua kifaa kingine chochote cha kufuatilia watu.